Faili la Mke Likae kwa Mke

Kazi yangu ni kusoma ndoa za watu kwenye karatasi. Mimi ni mshauri wa masuala ya uhamiaji niliyesajiliwa, nafanya kazi katika kituo kidogo mashariki mwa London, na wengi wanaobisha hodi kwetu ni watu wa Pwani, Wakenya wa bara, Watanzania, na ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliopata uraia hapa na sasa wanataka kuwaleta wenzi wao. Wengine huja mwenzi akiwa ameshafika na miaka ya kuomba ukaazi wa kudumu inakaribia kutimia. Hao ndio wanaonikosesha usingizi, maana wengi wao, hasa wanawake, hawajui kilichomo ndani ya faili linalobeba maisha yao. Fomu alijaza mume. Nywila anayo mume. Tarehe ya mwisho ya viza anaijua mume.

Njia yenyewe haina siri. Mwenzi wa raia wa Uingereza, au wa mtu mwenye ukaazi wa kudumu, akiomba akiwa nje hupewa kwanza viza ya miezi 33. Kabla haijaisha anaomba nyongeza ya miezi 30. Akikaribia kutimiza miaka 5 anaomba ukaazi wa kudumu, na anaruhusiwa kupeleka maombi kuanzia siku 28 kabla ya miaka hiyo kutimia. Kwa hiyo ni maombi matatu, na kila moja lina ada yake. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2025, viza ya kwanza ilikuwa paundi 1,938, na juu yake mchango wa afya wa paundi 3,105 unaolipwa wote kwa pamoja. Nyongeza ilikuwa paundi 1,321 na mchango wa afya mwingine wa 2,587.50. Ukaazi wa kudumu ulikuwa 3,029. Ukijumlisha unakaribia paundi 12,000, na bado hujalipia mitihani ya lugha, tafsiri za hati wala wakili. Nimeona kiwanja kikiuzwa Kibaha ili mke afike Barking.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kipato cha mdhamini. Kuanzia Julai 2012 sheria ilitaka mdhamini awe na paundi 18,600 kwa mwaka. Tarehe 11 Aprili 2024 kiwango kikapanda hadi 29,000. Aliyeingia kwenye njia hii kabla ya siku hiyo anaendelea kupimwa kwa kiwango cha zamani maadamu yuko na mwenzi yuleyule, na wapo waliokata tamaa bure kwa kutoambiwa hilo. Wateja wangu ni wahudumu wa nyumba za wazee, madereva, wasafishaji wa ofisi. Kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa. Piga hesabu: mtu wa kima hicho alihitaji zaidi ya saa 45 kila wiki, mwaka mzima, ndipo afikie hizo 29,000. Mtu anayewaogesha na kuwalisha wazee wa nchi hii anaambiwa kipato chake hakitoshi kuishi na mkewe. Nimeisoma sheria hii kwa miaka na sijaona haki ndani yake. Nasema hivyo waziwazi hata mbele ya wateja, kisha tunarudi kwenye hesabu, kwa sababu hasira haijazi fomu.

Mshahara lazima uonekane mara mbili: kwenye hati ya mshahara na kwenye taarifa ya benki, mwezi kwa mwezi kwa miezi 6, pamoja na barua ya mwajiri. Malipo ya mkononi hayahesabiki. Akiba inaweza kuziba pengo, na asiye na mshahara kabisa anatakiwa kuonyesha paundi 88,500, lakini fedha hizo ziwe zimekaa mikononi mwa wanandoa kwa miezi 6, wala zisiwe za mkopo. Mila yetu ya kuchangiana inagonga mwamba hapo. Harambee ya wiki mbili kabla ya maombi, hata ikijaza akaunti, haisogezi chochote. Ndugu wakitaka kusaidia, wasaidie mapema, na iandikwe kuwa ni zawadi. Mdhamini anayepokea posho fulani za ulemavu, au posho ya kumhudumia mgonjwa, hapimwi kwa 29,000. Anapimwa kama familia itaweza kujikimu. Mara nyingi mtu huniambia jambo hilo mwishoni mwa mazungumzo, akiwa ameshashika mkoba wa kuondokea.

Halafu kuna ndoa yenyewe. Kwetu ndoa ni mashahidi, mahari, wazee wamekaa, watu wamekula. Kwa afisa ni cheti. Cheti cha ndoa kilichosajiliwa Tanzania Bara chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971, au Kenya chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, kinatosha, iwe ilifungwa kwa kadhi, kanisani, bomani au kimila. Taabu huanza pale ndoa ya kimila ilipofungwa vizuri kijijini bila mtu kwenda kuisajili, au nikah iliposomwa hapa London sebuleni kwa shemeji. Nikah ya sebuleni ni ndoa mbele ya Mungu na mbele ya watu, lakini mbele ya sheria ya Uingereza haipo mpaka waende kwa msajili. Wanaoishi hivyo wanaweza kuomba kama wenzi wasiofunga ndoa, wakithibitisha uhusiano wa angalau miaka 2, ila dada zetu wengi husikia fedheha kuandika hivyo kwenye fomu. Huwa nawaambia kwamba fomu haiwavunjii ndoa yao.

Talaka ni nzito kuliko ndoa. Mwanamume aliyefunga ndoa ya kiserikali hapa, kisha akamwandikia mkewe talaka akiwa hapahapa London, kisheria bado ameoa. Kwa talaka inayotolewa ndani ya nchi hii, sheria ya Uingereza ya 1986 inatambua ile ya mahakama tu. Akienda Zanzibar akaoa tena, yule bibi harusi mpya, ambaye hana kosa lolote, anajikuta ameolewa na mtu ambaye kwa sheria ya hapa hakuwa huru kuoa. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa binti anayeposwa na mtu wa ng'ambo ni hili: umekiona cheti chake cha talaka kwa macho yako? Najibiwa mara nyingi, "Mama, si adabu kuuliza." Uliza. Mtume mjomba akaulize.

Baada ya cheti, afisa anataka kuona kuwa ndoa ina uhai. Hapo nafungua simu za watu, na huwa naomba radhi kwanza. Simu ya mke aliyeko Likoni ina jumbe za miaka mitatu: bei ya unga, homa ya mtoto, mvua imeingia ndani, umekula? Hakuna maneno ya mapenzi ya sinema, na wenyewe huniuliza kwa wasiwasi kama hizo zitatosha. Zinatosha sana. Ndoa ya kweli ndivyo inavyoongea. Tunachagua chache kutoka kila kipindi, zenye tarehe, na zile za Kiswahili zinatafsiriwa na mtafsiri anayeandika jina lake, tarehe, anwani yake, sahihi yake na kauli kuwa tafsiri ni sahihi. Rundo la kurasa 400 za gumzo halimsaidii mtu yeyote.

Taarifa za M-Pesa nazisoma mstari kwa mstari. Kuna faili moja mume alituma fedha kila mwisho wa mwezi bila kukosa, lakini jina la mpokeaji lilikuwa la mama mkwe. Simu ya mke ilikuwa imeibwa sokoni mwaka wa kwanza wa ndoa, laini ikasajiliwa upya kwa jina la mama yake, na mambo yakaendelea hivyo. Kwa familia hakuna tatizo, fedha ilifika. Kwa msomaji asiyewajua, mwanamume huyu anamtunza mwanamke mwingine kabisa. Tuliambatanisha cheti cha kuzaliwa cha mke chenye jina la mama, kitambulisho cha mama, na barua yake fupi aliyoieleza mwenyewe na mwanawe akamwandikia. Maombi yalipita. Ingekuwa nafuu zaidi kama laini ingesajiliwa kwa jina la mke tangu mwanzo.

Majina nayo! Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, pasipoti imeliacha, cheti cha ndoa kimeandika "Mohamed" na benki imeandika "Muhammad". Hili ni jambo la kawaida kwetu na halina udanganyifu ndani yake, lakini lisipoelezwa linaleta shaka. Hati ya kiapo kwa wakili nyumbani, ya ukurasa mmoja, inamaliza kazi. Kinachoua faili ni kujaribu kulificha, au kumsikiliza mtu anayesema atakutengenezea cheti kipya "kinachofanana". Hati ya uongo ikigunduliwa, kila maombi yako ya baadaye yataanza na swali kuhusu hati hiyo.

Kipimo cha kifua kikuu kwa anayeishi Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo ni lazima, katika kliniki iliyoidhinishwa, na cheti chake hudumu miezi 6. Kiingereza kinapanda ngazi: A1 kwa viza ya kwanza, A2 kwa nyongeza, B1 kwa ukaazi wa kudumu. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesamehewa mtihani, ingawa mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia baada ya kuthibitishwa. Mwishoni kuna mtihani wa Maisha ya Uingereza: maswali 24, dakika 45, paundi 50, na kufaulu ni majibu sahihi 18. Nimewaona kina mama waliokatishwa shule darasa la saba wakiufaulu. Wanasoma usiku watoto wakilala, na nawaheshimu kuliko ninavyoweza kusema.

Sasa nirudi kwa wale waliokwisha fika.

Kwa nyongeza na kwa ukaazi wa kudumu, mwongozo uliozoeleka unataka barua 6 zilizosambaa ndani ya miaka 2, kutoka vyanzo visivyopungua 3, zinazoonyesha kuwa mume na mke wanaishi anwani moja. Zenye majina ya wote wawili ndizo bora. Zisipokuwapo, za kila mmoja kwa jina lake zinakubalika. Mama mmoja wa Tanga alikuja akiwa amebakiza wiki chache. Juu ya meza yangu alitandaza kila kitu alichokuwa nacho: picha za harusi, cheti cha ndoa, pasipoti, vipimo vya ujauzito. Mkataba wa nyumba ulikuwa wa mume. Umeme wa mume. Maji ya mume. Kodi ya halmashauri ya mume. Miaka karibu mitano ameishi, amepika, amezaa katika nyumba ile, na hakuna kampuni wala idara iliyowahi kumwandikia. Alikaa kimya akiziangalia, kisha akasema, "Kumbe mie sikuwepo."

Nikamwambia, twende polepole, dada. Kliniki ya wajawazito ilimwandikia kila miadi, naye alikuwa amezitumia bahasha zile kuandikia orodha ya vitu vya sokoni. Barua zenyewe zilikuwa bado ndani. Daktari wa mtaa alimwita kwa chanjo. Shule ya chekechea ilimwandikia mama wa mtoto kwa jina. Na kulikuwa na barua ya halmashauri kuhusu daftari la wapiga kura. Hapo ndipo wengi hushangaa: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, wakiwemo wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, wakiwa hapa kihalali wanaruhusiwa kupiga kura Uingereza hata kabla ya kuwa raia. Yule mama alikuwa na haki ya kumchagua mbunge, na barua ya kumthibitishia haki hiyo ilikuwa imefungiwa vitumbua. Tukapata zaidi ya zilizohitajika. Leo ana ukaazi wake.

Ushauri wangu kwa anayefika leo ni huu: wiki ya kwanza jiandikishe kwa daktari wa mtaa kwa jina lako, fungua akaunti ya benki, omba uandikwe kwenye kodi ya halmashauri, jiandikishe kupiga kura. Kila bahasha iweke. Ukianza kazi, kipato chako kinaingia kwenye hesabu ya nyongeza, kwa hiyo mume wa mshahara mdogo na mke anayefanya kazi wanaweza kuvuka pamoja pale ambapo mmoja asingevuka.

Na akaunti ya uhamiaji iwe yako. Kadi za plastiki tulizozizoea ziliisha muda mwisho wa Desemba 2024. Sasa kibali kiko mtandaoni, kimefungwa kwenye barua pepe na namba ya simu. Ukitaka kazi, nyumba, au kupanda ndege kurudi, unaonyesha kibali kupitia akaunti ile. Nimekaa na wanawake ambao barua pepe iliyoandikishwa ni ya mume, simu ni ya mume, na ujumbe wa kufungulia akaunti unaingia mfukoni mwa mume. Katika nyumba yenye amani hilo ni usahaulifu tu. Katika nyumba isiyo na amani ni kufuli.

Lazima niliseme hili kwa urefu kidogo, kwa sababu nyumbani halisemwi. Mpaka ukaazi wa kudumu utoke, kibali cha mwenzi kinategemea ndoa. Wapo wanaume, na wapo wanawake pia, wanaoligeuza jambo hilo kuwa fimbo. "Nikipiga simu moja tu unarudi kwenu." Hana mamlaka hayo. Anaweza kuandika barua atakavyo, lakini anayefuta kibali ni Wizara ya Mambo ya Ndani, na sheria imemwekea aliyeonewa mlango wake. Mwenzi ambaye ndoa imevunjika kwa sababu ya kupigwa, kutishwa, kufungiwa au kunyimwa fedha anaweza kuomba ukaazi wa kudumu papo hapo, bila kusubiri miaka 5, na asiye na uwezo husamehewa ada. Kabla ya hapo anaweza kuomba kibali cha miezi 3 kinachomruhusu kupokea posho za serikali na kupata mahali pa kulala wakati maombi yanaandaliwa. Ushahidi ni barua ya daktari, ripoti ya polisi, barua ya shirika lililomsaidia, jumbe za vitisho. Southall Black Sisters wamewasaidia kwa miaka mingi wanawake wahamiaji wa aina hii. Mjane naye ana njia yake: mwenzi akifariki, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu bila kungoja.

Wazazi walioko nyumbani, msimwambie binti avumilie kwa sababu ya karatasi. Karatasi zipo hata akitoka. Kinachohitajika ni apate ushauri haraka, kabla kibali hakijaisha au kufupishwa.

Kuhusu vishoka sitasema mengi. Hapa Uingereza ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa, na orodha ya washauri waliosajiliwa na Immigration Advice Authority inaangaliwa na yeyote, bure, mtandaoni. Mtu anayekutana nawe mkahawani, anayekataa kuandika jina lake kwenye fomu na anataka fedha taslimu, ana sababu ya kufanya hivyo. Sheria nazo hubadilika. Mei 2025 serikali ilitangaza nia ya kurefusha muda wa kusubiri kwa wahamiaji wengi kutoka miaka 5 hadi 10, huku ikisema wenzi wa raia watabaki kwenye 5. Fuata sheria ya siku unayoomba, usifuate aliyoomba nayo jirani yako.

Ukaazi wa kudumu ukishatoka, ukikaa nje ya nchi zaidi ya miaka 2 mfululizo unapotea. Mwenzi wa raia anaweza kuomba uraia mara tu apatapo ukaazi huo, akiwa ametimiza miaka 3 ya kuishi hapa. Mkenya hana kigugumizi, kwani Katiba ya 2010 inamruhusu uraia wa nchi mbili. Mtanzania mtu mzima akichukua wa Uingereza anapoteza wa kwake, na wateja wangu wengi wa Tanzania husimama hapo kwenye ukaazi, wakahesabu kuwa pasipoti ya nyumbani bado ni yao.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wadhamini, waume kwa wake. Leo jioni mpeni mwenzi wenu nakala ya kila kilichopelekwa kwa jina lake: fomu, cheti, barua ya uamuzi, tarehe ya mwisho ya viza. Badilisheni barua pepe na namba ya simu kwenye akaunti ziwe zake. Mwandikeni kwenye kodi ya halmashauri. Kazi hiyo ni ya jioni moja na haina ada.

Na wewe uliyeolewa au uliyeoa na kuvuka bahari, usipopewa, omba. Ukinyimwa, njoo kwetu, au nenda kituo chochote kilichosajiliwa kilicho karibu nawe.